Nani Huumia Zaidi Bei ya Unga Ikipanda? Tofauti za Matumizi ya Chakula Katika Kaya

Anza na swali hili kabla hujasoma zaidi. Katika mji mmoja kuna kibarua wa ujenzi na mwenye duka la jumla. Kwa mwezi, nyumbani kwa kibarua hutumika shilingi 175,000 kwa chakula. Nyumbani kwa mwenye duka hutumika shilingi 500,000. Nani kati yao anabebeshwa mzigo mkubwa zaidi na chakula?

Watahiniwa wengi hujibu haraka: "Mwenye duka, kwa sababu anatumia fedha nyingi." Jibu hilo hupoteza alama. Ukielewa kwa nini si sahihi, utakuwa umeelewa zaidi ya nusu ya mada hii. Dhana zake utazikuta katika Uraia unaposoma umaskini, katika Hisabati unaposoma asilimia na takwimu, na katika insha yoyote inayohusu hali ya maisha.

Maneno ya kuanzia

Kaya ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Si lazima wawe ndugu wa damu. Msichana wa kazi anayelala na kula hapo ni sehemu ya kaya. Kaka aliyehamia mjini na kujitegemea si sehemu yake tena, hata kama hutuma fedha nyumbani.

Matumizi ya kaya ni thamani ya vitu vyote ambavyo kaya hutumia kwa kipindi fulani: chakula, kodi ya nyumba, nauli, mavazi, matibabu, shule, nishati na kadhalika.

Kiasi cha matumizi ya chakula ni shilingi ngapi zimetumika. Uwiano wa matumizi ya chakula ni sehemu gani ya matumizi yote imekwenda kwenye chakula. Huu huandikwa kwa asilimia:

Uwiano = (matumizi ya chakula ÷ matumizi yote) × 100

Kiasi na uwiano ni vitu viwili tofauti. Swali likisema "tofauti ya matumizi ya chakula", jiulize kwanza linataka kipi.

Mfano wa kaya tatu

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, nimezitunga kwa ajili ya kujifunzia. Kila kaya ina watu watano.

| Kaya | Matumizi yote kwa mwezi (sh) | Chakula (sh) | Uwiano | Kinachobaki (sh) |
|---|---|---|---|---|
| A: Kibarua wa ujenzi | 250,000 | 175,000 | 70% | 75,000 |
| B: Mwalimu | 800,000 | 360,000 | 45% | 440,000 |
| C: Mwenye duka la jumla | 2,500,000 | 500,000 | 20% | 2,000,000 |

Tazama safu ya kiasi: kutoka A kwenda C, fedha za chakula zinaongezeka. Sasa tazama safu ya uwiano: kutoka A kwenda C, asilimia inapungua. Safu zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Mwenye duka anakula vizuri zaidi, lakini chakula hakimzuii kufanya mambo mengine. Kibarua anakula kidogo zaidi, na bado chakula kinameza shilingi 70 katika kila shilingi 100 zinazotumika nyumbani kwake.

Kanuni ya Engel

Hali hii iligunduliwa zamani. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichunguza bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, kisha akakadiria hali ya familia za Saxony, nchi aliyokuwa akiifanyia kazi. Makadirio yake yalionyesha kwamba familia ya mfanyakazi wa kipato cha chini ilitumia asilimia 62 ya matumizi yake kwa chakula, familia ya tabaka la kati asilimia 55, na familia yenye uwezo asilimia 50.

Kutokana na hayo tunapata Kanuni ya Engel: kipato cha kaya kinapoongezeka, sehemu ya kipato inayotumika kwa chakula hupungua, hata kama kiasi cha fedha za chakula kinaongezeka.

Sababu yake ni rahisi. Tumbo lina mpaka. Mtu ambaye kipato chake kimeongezeka mara kumi hawezi kula sahani kumi za ugali. Atakula nyama mara nyingi zaidi, atanunua mchele wa daraja la juu, lakini fedha nyingi zinazoongezeka zitakwenda kwenye nyumba, usafiri, elimu na akiba.

Zingatia: Usimchanganye Ernst Engel na Friedrich Engels, rafiki wa Karl Marx. Ni watu wawili tofauti.

Kanuni nyingine inayokwenda na hii ni ya Merrill Bennett, ya mwaka 1941. Yeye aliangalia aina ya chakula. Kipato kinapokua, watu hupunguza sehemu ya nguvu ya mwili wanayoipata kutoka kwenye vyakula vya wanga kama mahindi, muhogo na mchele, na huongeza nyama, maziwa, mayai, matunda na mafuta. Kwa hiyo kaya maskini huwa na matatizo mawili: chakula kinachukua sehemu kubwa ya fedha, na bado chakula chenyewe ni cha aina chache.

Tanzania Bara ikoje?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Utafiti wa mwaka 2017/18 kwa Tanzania Bara ulitumia mistari miwili ya umaskini, kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi:

- Mstari wa umaskini wa chakula: shilingi 33,748
- Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi: shilingi 49,320

Mtu aliye chini ya mstari wa kwanza hawezi kupata hata chakula cha kutosha. Aliye chini ya mstari wa pili hawezi kupata chakula pamoja na mahitaji mengine ya lazima. Utafiti ulionyesha kuwa asilimia 8.0 ya watu walikuwa chini ya mstari wa chakula, na asilimia 26.4 walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi.

Sasa fanya hesabu mwenyewe. Gawanya 33,748 kwa 49,320, kisha zidisha kwa 100. Utapata asilimia 68 hivi. Yaani kwa mtu aliyesimama juu ya mstari wenyewe, karibu theluthi mbili ya matumizi yamehesabiwa kuwa ni ya chakula. Kinachobaki ni shilingi 15,572 kwa mwezi, kama shilingi 519 kwa siku, kwa ajili ya mavazi, matibabu, nauli na mengine yote. Usiikariri namba hiyo tu. Ifikirie kama siku ya mtu mmoja.

Makundi yanayotofautiana

1. Kwa kipato. Hili tumeliona. Lakini usidhani ni jambo la nchi maskini pekee. Marekani, mwaka 2023, kaya za fungu la tano la chini kabisa kwa kipato zilitumia takriban asilimia 33 ya kipato chao baada ya kodi kwa chakula. Kaya za fungu la tano la juu zilitumia takriban asilimia 8. Kwa kiasi cha dola, kaya za juu zilitumia zaidi ya mara tatu ya zile za chini. Ni mfano wetu wa kaya A na C kwa sura nyingine.

2. Mjini na vijijini. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kuandika matumizi ya nyumbani kwa wiki moja. Mmoja aliandika kwenye mstari wa chakula: sifuri. Nilipomuuliza, akajibu, "Mwalimu, sisi hatununui. Mahindi yapo ghalani, mboga zipo shambani." Hakuwa amedanganya, lakini hesabu yake haikuwa kamili. Chakula kinachotoka shambani kina thamani, kwa sababu kingeweza kuuzwa. Watafiti hukikadiria kwa bei ya soko na kukijumlisha kwenye matumizi. Bila kufanya hivyo, kaya ya mkulima ingeonekana haitumii kitu kwa chakula, na tungedhani ina uwezo mkubwa.

Mkulima naye si kwamba hanunui kabisa. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Ruvuma na Rukwa, mavuno huja katikati ya mwaka. Kaya yenye shida ya fedha huuza mahindi mapema, wakati bei iko chini, ili ilipe madeni na ada. Ifikapo Januari au Februari ghala limekwisha, na kaya ileile inakwenda sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu. Inauza kwa bei rahisi na kununua kwa bei ghali.

3. Kwa namna kipato kinavyoingia. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kununua gunia la mchele na ndoo ya mafuta. Kibarua analipwa jioni na ananunua cha jioni hiyo. Anapimiwa mafuta kwa kipimo kidogo, sukari kwa robo kilo, unga kwa kilo moja. Chukua mfano: kipimo cha mililita 100 za mafuta kinauzwa shilingi 700, na ndoo ya lita tano inauzwa shilingi 27,500. Mnunuzi wa vipimo analipa shilingi 7,000 kwa lita. Mnunuzi wa ndoo analipa shilingi 5,500. Asiye na fedha ndiye anayenunua kwa bei kubwa. Halaumiwi kwa kukosa mpango. Hana shilingi 27,500 kwa mkupuo.

4. Kwa ukubwa na umri wa wanakaya. Kaya ya watu wanane inahitaji chakula kingi kuliko ya watu watatu, na mtoto wa miaka miwili hali sawa na kijana wa miaka 17. Ndiyo maana utafiti hupima kwa "mtu mzima mmoja": watoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima. Ukilinganisha kaya bila kuangalia idadi ya watu, utapata jibu la uongo.

5. Ndani ya kaya yenyewe. Takwimu za kaya haziingii chunguni. Zinatuambia kaya imetumia kiasi gani, lakini hazituambii nani amepata kipande cha nyama na nani amebaki na mchuzi. Mama anaweza kula mwisho ili watoto washibe. Ukiandika insha, taja jambo hili kama udhaifu wa takwimu za kaya. Msahihishaji ataona umefikiri.

Bei zikipanda: hapa ndipo uwiano unapouma

Turudi kwenye kaya zetu tatu. Tuseme bei za vyakula zote zimepanda kwa asilimia 20, na kila kaya inataka kuendelea kula kama zamani.

- Kaya A itahitaji nyongeza ya sh 35,000. Hiyo ni asilimia 14 ya matumizi yake yote, na karibu nusu ya sh 75,000 zilizokuwa zimebaki.
- Kaya B itahitaji nyongeza ya sh 72,000. Hiyo ni asilimia 9 ya matumizi yake, na asilimia 16 hivi ya kilichobaki.
- Kaya C itahitaji nyongeza ya sh 100,000. Hiyo ni asilimia 4 ya matumizi yake, na asilimia 5 ya kilichobaki.

Kaya C imeongeza fedha nyingi kuliko zote, lakini haitaacha kitu cha maana. Kaya A ina njia mbili: kupunguza chakula, au kupunguza kodi, dawa na mahitaji ya shule. Kwa kawaida hufanya yote mawili. Uji unachukua nafasi ya chai na vitafunwa, milo mitatu inakuwa miwili, mtoto mmoja anabaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Haya si mambo ya kubuni. Machi 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, fahirisi ya bei za vyakula duniani inayotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ilifikia kiwango cha juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Ngano na mafuta ya kula vilipanda zaidi. Nyumba zenye uwiano mkubwa wa chakula ndizo zilizoumia mwanzo.

Kuna mtego mwingine hapa. Mfumuko wa bei wa taifa hupimwa kwa kapu moja la bidhaa na huduma. Katika kapu la Tanzania lenye mwaka wa kizio 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takriban asilimia 28. Ikiwa chakula tu kimepanda kwa asilimia 20 na vingine vyote vimebaki palepale, mfumuko wa taifa utakuwa 20 × 0.28, yaani asilimia 5.6. Lakini kwa kaya A gharama ya maisha imepanda kwa asilimia 14. Kibarua akisema "takwimu hazinihusu", hajakosea sana. Kapu la taifa ni wastani, na kapu lake liko mbali na wastani huo.

Viwango vya kupimia hatari

Watafiti wa uhakika wa chakula hutumia uwiano huu kupanga kaya katika makundi:

- Chini ya asilimia 50: hatari ndogo
- Asilimia 50 hadi chini ya 65: hatari ya kati
- Asilimia 65 hadi 75: hatari kubwa
- Zaidi ya asilimia 75: hatari kubwa sana

Kaya A, yenye asilimia 70, iko katika hatari kubwa. Kaya B na C ziko katika hatari ndogo.

Nini kifanyike?

Mtahiniwa mzuri hamalizii kwa "serikali isaidie". Hutaja hatua na kueleza inamfikia nani.

Kupunguza bei kwa wote. Tuseme ruzuku imeshusha bei za vyakula kwa asilimia 10. Kaya A itaokoa sh 17,500. Kaya C itaokoa sh 50,000. Kwa kiasi, tajiri amefaidika zaidi. Kwa uwiano, kaya A imeokoa asilimia 7 ya matumizi yake na kaya C asilimia 2. Ukiulizwa kama ruzuku hiyo ni ya haki, taja pande zote mbili, kisha toa msimamo wako.

Kulenga kaya maskini. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF hupeleka fedha kwa kaya zilizotambuliwa. Faida yake ni kwamba fedha hazimfikii asiyezihitaji. Ugumu wake ni kuzitambua kaya hizo bila kuacha wanaostahili.

Akiba ya nafaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka wakati wa mavuno na huweza kuitoa sokoni wakati wa uhaba ili bei isipae.

Chakula shuleni. Mlo wa mchana shuleni hupunguza mzigo wa kaya, lakini angalia unavyochangiwa. Mchango wa sh 15,000 kwa mwezi kwa kila mwanafunzi unaonekana sawa kwa wote. Kaya A yenye wanafunzi wawili italipa sh 30,000, ambayo ni asilimia 12 ya matumizi yake yote. Kwa kaya C ni asilimia 1.2. Mchango ulio sawa si lazima uwe mzigo ulio sawa.

Nimalizie na lile zoezi langu. Wanafunzi wawili hawakulileta kabisa. Baadaye mmoja aliniambia aliona aibu kuandika. Tangu siku hiyo hutumia kaya za mfano kama hizi za A, B na C. Nawe, kama kaya yenu inafanana na A, jua kwamba uwiano huo haupimi akili yako wala bidii ya wazazi wako. Unapima bei, kipato na idadi ya watu wanaokula chungu kimoja.

Makosa ya kuepuka

1. Kusema "maskini hutumia fedha nyingi kwa chakula". Sema: "hutumia sehemu kubwa ya matumizi yao kwa chakula".
2. Kusahau thamani ya chakula kinachotoka shambani.
3. Kulinganisha kaya bila kuangalia idadi ya watu.
4. Kuandika asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.

Jipime

1. Kaya inatumia sh 400,000 kwa mwezi, na sh 240,000 kati ya hizo ni za chakula. (a) Tafuta uwiano. (b) Iko kundi gani la hatari? (c) Chakula kikipanda kwa asilimia 15, kitakula sehemu gani ya fedha zilizokuwa zimebaki?
2. Matumizi ya kaya yamepanda kutoka sh 300,000 hadi sh 500,000. Chakula kimepanda kutoka sh 195,000 hadi sh 275,000. Je, Kanuni ya Engel imethibitika?
3. "Michango sawa huleta usawa." Jadili kwa insha, ukitumia mifano ya matumizi ya kaya.

Majibu kwa ufupi

1. (a) Asilimia 60. (b) Hatari ya kati. (c) Nyongeza ni sh 36,000. Zilizobaki zilikuwa sh 160,000. Sehemu iliyoliwa ni asilimia 22.5.
2. Ndiyo. Kiasi kimeongezeka kwa sh 80,000, lakini uwiano umeshuka kutoka asilimia 65 hadi 55.
3. Eleza kwanza tofauti ya kiasi na uwiano. Onyesha kwa hesabu jinsi mchango mmoja unavyoziathiri kaya mbili. Taja hoja ya upande wa pili, kwamba mchango sawa ni rahisi kukusanya na haumfichui maskini. Kisha hitimisha kwa msimamo wako.